Gwaride la Kaboya

Ukitoka Bukoba kuelekea kusini, barabara ya Muleba inapita katikati ya vibanja vya migomba na mibuni, na mara kwa mara ziwa linajitokeza upande wa kushoto, kisha linapotea tena. Huko ndiko iliko Kaboya. Hakuna mtalii anayepelekwa huko. Kuna kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kuna vijiji vinavyoizunguka, na kuna uwanja wa makaburi ambako wamelala mamia ya wanajeshi waliokufa katika vita vya Kagera. Kati ya makaburi hayo umesimama mnara mweupe wenye majina yao.

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Wengi tunaiona kwenye televisheni: miaka mingi ilikuwa viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na mwaka 2016 sherehe ya kitaifa ikahamia Dodoma. Rais anafika, bendi inapiga, mizinga inalia, na kufikia saa za mchana watu wameshaendelea na shughuli zao. Kaboya ni habari nyingine. Pale gwaride halipiti mbele ya mnara uliojengwa mbali na waliokufa, linapita mbele ya waliokufa wenyewe. Na ng'ambo ya vilima vya kaskazini, mwendo wa saa chache kwa gari, ndiko vita vyenyewe vilikoanzia. Kwa hiyo nikitaka kueleza kile ambacho gwaride hili linabeba, na kile ambacho bado halijakibeba, itanibidi nianze na mto.

Mto Kagera ukikaribia ziwa unapinda na kuacha kipande cha nchi kati yake na mpaka wa Uganda. Leo sehemu kubwa ya eneo hilo ni wilaya ya Missenyi. Wakoloni walipogawana walichora mpaka kwa kufuata mstari wa latitudo, hawakufuata maji, na mstari huo ndio Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliodai kuwa ni kosa. Oktoba 1978 ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba. Hasara ilikuwa ndogo, vioo vilivunjika, lakini mji mzima ulikumbwa na hofu, na watu wakaanza kufunga virago kuelekea kusini. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Uganda yalivuka mpaka kwa wingi. Tanzania haikuwa na jeshi la maana kwenye eneo lile. Ndani ya muda mfupi wavamizi walikuwa wamefika ukingoni mwa mto, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya Kagera ni mali ya Uganda. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa ili mtu yeyote asivuke kutoka kusini kuja kudai chake.

Kilichofuata ng'ambo ya mto hakisimuliwi sana kwenye gwaride. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Ranchi ya Missenyi ilikombwa ng'ombe kwa maelfu. Nyumba zilivunjwa, mabati yakapakiwa kwenye malori kwenda Uganda. Wananchi wapatao 1,500 waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbilia kusini, na waliochelewa walijificha porini na kwenye matete. Kanisa la Kyaka lilipigwa mabomu, na magofu yake yangali kilimani hadi leo, kuta bila paa.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Kila Mtanzania aliyesoma shule anazijua sentensi zile za sababu, nia na uwezo, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka kukisisitiza ni kile kilichotokea baada ya redio kuzimwa. Jeshi la Tanzania lilikuwa na watu wasiozidi elfu 40. Katika muda wa miezi michache idadi hiyo ilipanda ikapita laki moja na nusu. Watu hao walitoka wapi? Walitoka Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, na makumi ya maelfu yao walikuwa mgambo: wakulima, walimu, makarani, vijana wa vijiji vya ujamaa waliokuwa wamefundishwa kwata na kutumia bunduki kwenye viwanja vya shule jioni. Wito ulishuka kwa njia ya chama, kutoka mkoani hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari. Wananchi walichanga ng'ombe, mahindi na fedha.

Hilo ndilo jeshi lililolala Kaboya. Sehemu kubwa yake haikuwa jeshi la watu waliochagua kazi ya bunduki. Walikuwa watu wa jembe waliovaa sare kwa msimu mmoja, na baadhi yao hawakurudi kuvuna.

Novemba hiyohiyo wahandisi wa Tanzania walitandika daraja la muda la vyuma juu ya Kagera, na askari wakaanza kuvuka. Waganda walikuwa wameshaanza kurudi nyuma chini ya mvua ya maroketi ambayo raia wa Uganda waliyabatiza jina la Sabasaba. Waliovuka walikuta vijiji vitupu na maiti ambazo hazikuwa zimezikwa. Ukitaka kuelewa hasira iliyokwenda na askari wale hadi Masaka, anzia hapo.

Mutukula, kijiji cha mpakani, kilitekwa Januari 1979 na kubomolewa. Mwalimu alipopata habari za raia waliouawa pale alisikitika sana na kutoa amri kwamba raia wa Uganda wasiguswe. Masaka ilitekwa mwishoni mwa Februari, na pale napo sehemu kubwa ya mji iligeuzwa kifusi. Nayataja haya kwa makusudi. Kuwaheshimu waliokufa hakumtaki mtu afiche kilichotendwa na waliobaki hai, na gwaride la Kaboya halipungui hadhi kwa kuambiwa ukweli wote. Kinachokuza hadhi yake ni kwamba amri ya Mwalimu ilitoka, ikasikika, na kuanzia hapo jeshi lile lilijitahidi kuwa jeshi la ukombozi, likiongozana na Waganda waliokuwa uhamishoni, akina Tito Okello na Yoweri Museveni.

Mapigano ya Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi 1979, ndiyo yanayonikaa akilini zaidi. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na kaskazini yake barabara inapita juu ya tuta refu lililokatisha kinamasi. Ukishaingia kwenye tuta, huna kulia wala kushoto. Brigedi ya 201 iliyopewa kazi ya kulishika eneo hilo ilikuwa na askari wengi ambao hawakuwahi kushambuliwa kwa risasi hata mara moja maishani mwao. Walibya walikuwa wameletwa na Gaddafi kumsaidia Amin, wakaja na vifaru na mizinga, na maroketi yalipoanza kupita juu ya vichwa, sehemu ya brigedi ile ilitawanyika. Hilo ni jambo la kibinadamu, wala si la aibu: kijana wa kijijini aliyeacha mke na shamba miezi minne nyuma amesikia kishindo ambacho hajawahi kukisikia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba usiku uliofuata vijana hao walikusanywa, wakapangwa upya, wakarudi. Brigedi ya 208 iliyokuwa mbali ilizungushwa kwa miguu hadi nyuma ya adui, na kulipopambazuka shambulio likaanza, hadi Lukaya ikawa mikononi mwa Watanzania. Walibya zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa, na njia ya Kampala ikawa wazi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Wengi wa askari walifika pale kwa miguu. Malori yalibeba risasi na chakula, na watu walitembea, kilomita zaidi ya 200 kutoka mpakani, buti zikiwa zimechanika. Mwanzoni mwa Juni walikuwa wameshafika mpaka wa Sudani. Tarehe 25 Julai 1979 inahesabiwa kuwa mwisho rasmi wa vita, na ndiyo iliyobaki kuwa siku ya kuwakumbuka mashujaa wote wa taifa, si wa vita vile peke yake. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina mwaka huo, ukaitwa Kagera.

Hesabu iliyotolewa baada ya vita ilisema kwamba wanajeshi wa Tanzania waliokufa hadi wakati huo walikuwa 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa na adui katika mapigano. Wengine waliondoka kwa ajali za magari kwenye barabara za usiku bila taa, kwa maradhi, kwa mambo yote yanayomuua mtu aliye mbali na nyumbani, aliyechoka na asiyelala vizuri. Baadaye kulikuwa na waliokufa Uganda wakati Tanzania ilipobaki kulinda usalama hadi mwaka 1981. Kwenye mnara wa Kaboya hakuna safu ya waliokufa kwa risasi na safu ya waliopinduka na lori. Majina yamewekwa pamoja, na hivyo ndivyo inavyostahili. Mtu aliyekufa kwa malaria katika handaki la Masaka alikuwa ameitikia wito uleule.

Sasa turudi kwenye gwaride.

Julai ni kiangazi Kagera. Nyasi zimekauka, vumbi jekundu linapanda, na asubuhi kuna baridi inayowafanya wazee kuja na makoti. Gwaride la maombolezo halifanani na lile la sikukuu ya Uhuru. Hakuna mwendo wa kasi, hakuna vikosi vinavyoshindana kupendeza. Askari husimama mbele ya mnara, na wakati wa maombolezo bunduki huelekezwa chini, mtutu ukiugusa mguu, mikono imewekwa juu ya kitako na kichwa kimeinama. Mzinga unapigwa mara moja. Kuanzia sauti hiyo hakuna anayesogea wala kukohoa kwa muda wa dakika moja. Kisha mzinga wa pili, na tarumbeta inalia wimbo wa maombolezo, sauti moja nyembamba ambayo kila aliyewahi kuzika askari anaitambua kabla ya noti ya tatu.

Tarumbeta hiyo ni urithi wa Waingereza. Ilikuja na King's African Rifles, ikapigwa miaka na miaka tarehe 11 Novemba mbele ya sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mahali palepale ambapo kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamemweka gavana wao, Hermann von Wissmann. Sherehe ile ya kikoloni iliwakumbuka waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia, vita ambavyo Kagera inavijua vizuri. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili, wakavunja kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, wakapora mji, wakarudi walikotoka. Na katika vita hivyo walikufa wapagazi wengi kuliko askari wa pande zote, makumi ya maelfu yao, Waafrika waliobebeshwa risasi na unga hadi wakaanguka njiani. Sanamu ya Dar es Salaam inawataja kwa jumla. Hakuna ukuta wenye majina yao.

Mwaka 1964 jeshi lililorithiwa kwa wakoloni liliasi, likavunjwa, na Septemba ya mwaka huohuo likaundwa jipya, la wananchi. Karibu kila kitu kilianzishwa upya, lakini tarumbeta ilibaki. Mtu mmoja anatosha kuonyesha jinsi nyuzi hizi zilivyosukwa pamoja. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, alijiunga na King's African Rifles mwaka 1942 na kupelekwa Madagascar kupigana vita vya Mwingereza. Mwaka 1979 alikuwa jenerali aliyeiongoza divisheni ya Tanzania kuelekea Kampala, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Katika maisha yake peke yake kulikuwa na tarumbeta zile mbili, ya mfalme wa Uingereza na ya Jamhuri, na wimbo ulikuwa mmoja.

Kilicho chetu wenyewe kinakuja baada ya tarumbeta kunyamaza, na kwangu ndicho kiini cha siku yote. Badala ya mashada ya maua kupangwa safu nzima kama ifanywavyo Ulaya, viongozi wanaweka silaha za jadi. Katika sherehe ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi wa nchi za nje huweka shada la maua, kwa kuwa yeye ni mgeni na ua ni lugha ya wageni. Meya huweka upinde na mshale. Na mwisho anakuja mwakilishi wa wazee waliopigana vita, mwenyekiti wa Tanzania Legion, naye huweka shoka.

Tazama jinsi mzee anavyolipokea shoka. Askari kijana analileta mikononi, amelinyoosha mbele yake, hatua za kuhesabu. Mzee amevaa suti au koti la zamani lenye nishani kifuani. Analishika mpini kwa namna ya mtu aliyewahi kulitumia, si kama mtu aliyekabidhiwa tuzo. Anakwenda taratibu hadi kwenye mnara, kwa mwendo ambao hakuna mkuu wa gwaride anayeweza kumharakisha, anainama, analiweka, anarudi hatua, anapiga saluti. Wakati huo sijaona mtu anayemtazama Rais.

Kwa nini shoka? Maelezo rasmi ni kwamba hizi ndizo silaha ambazo babu zetu walizitumia kupambana na wavamizi. Ni kweli, na Songea wanalijua hilo kuliko mtu yeyote: kila tarehe 27 Februari wanawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwamo Nduna Songea Mbano ambaye mji una jina lake. Lakini ukisimama Kaboya, mbele ya majina ya mgambo, maana nyingine inajitokeza yenyewe. Shoka na upinde ni vyombo vya nyumbani kabla havijawa silaha. Vinatundikwa ukutani kwa mkulima na mwindaji. Shoka linakata kuni Jumatatu na kumlinda mwenyewe Jumanne. Jeshi lililovuka Kagera lilikuwa la namna hiyo: lilitoka majumbani na, kwa waliobahatika, likarudi majumbani. Mkuki wa Rais unasimama kwa ajili ya taifa, lakini shoka la mzee linasimama kwa ajili ya wale walioitwa na balozi wa nyumba kumi.

Baada ya hapo viongozi wa dini wanaomba, mmoja baada ya mwingine, Waislamu, Wakatoliki, makanisa mengine ya Kikristo, kila mmoja kwa lugha na namna yake. Waliolala pale ni wa imani zote na wametoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo hakuna sala moja ambayo ingewatosha. Wimbo wa taifa unapigwa, wageni rasmi wanaondoka, na hapo ndipo ndugu wa marehemu, waliokuja kutoka mbali, wanaingia kwenye makaburi kutafuta kaburi lao.

Sherehe ya kitaifa ilifanyika Kaboya mwaka 2013, na wengi wa Kagera wanaikumbuka. Rais Jakaya Kikwete, ambaye mwenyewe ni Luteni Kanali mstaafu, alikuja pamoja na Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal, Waziri Mkuu Mizengo Pinda na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Davis Mwamunyange. Siku 12 kabla ya hapo, tarehe 13 Julai, wanajeshi saba wa Tanzania waliokuwa walinzi wa amani waliuawa Darfur kwa kushambuliwa njiani. Miili yao ilikuwa imerejeshwa Dar es Salaam na kuagwa siku chache tu kabla ya Rais kupanda ndege kwenda Kagera. Kwa hiyo mizinga ilipolia Kaboya mwaka ule, haikuwa ya mwaka 1979 peke yake. Kulikuwa na familia saba ambazo matanga yalikuwa hayajaisha. Rais alionya kwamba yeyote atakayeichokoza nchi atakutana na jeshi lililo tayari. Onyo lilichukua vichwa vya habari, kama ilivyo kawaida ya maonyo. Mimi nilichokiona kuwa kizito zaidi ni kwamba kwa mara moja taifa lilikuwa limesimama mahali sahihi, mbele ya waliokufa zamani, huku likiwa na msiba mbichi mkononi. Desemba 2017 msiba kama huo ulirudi, wa Semuliki mashariki mwa Kongo, wanajeshi 14 wakauawa katika shambulio la usiku mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu naamini sherehe hii inapoteza kitu inapokaa mjini mwaka hadi mwaka. Dodoma ni makao makuu na ina haki zake. Lakini watoto wa shule wa Muleba wakisimama mbele ya majina wanajifunza jambo ambalo mtoto wa Dodoma hawezi kulipata mbele ya mnara usio na kaburi. Vivyo hivyo Naliendele, Mtwara, ambako wamezikwa askari waliokufa Msumbiji. Mahali pa mazishi pana elimu yake.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo gwaride la Kaboya halijalibeba.

Wananchi wapatao 1,500 waliouawa kaskazini ya mto hawamo kwenye mnara mweupe. Haikuwa kazi ya mnara ule kuwabeba, kwa kuwa yale ni makaburi ya jeshi. Lakini vita vilipiganwa kwa ajili yao. Sababu ile iliyotajwa redioni iliwahusu wao: mkulima aliyepigwa risasi kibanjani, mama aliyebebwa kupelekwa Uganda, mzee aliyekataa kuhama nyumba yake. Yaliyowakuta wapagazi wa 1914 hadi 1918 yanawakuta na hao pia, wanatajwa kwa jumla. Kila Julai wanaombewa katika sentensi moja, wananchi waliopoteza maisha, kisha sherehe inaendelea.

Wala hakuna aliyekusudia kuwasahau. Jeshi lina orodha zake: namba, jina, kikosi, cheo. Askari akifa kuna karani anayeandika. Mwanakijiji akifa vitani hakuna karani. Aliyemzika ni jirani, tena kwa haraka, na huenda jirani naye alikimbia kesho yake. Mkoa uliporejewa kulikuwa na nyumba za kujenga, mashamba ya kufufua, na nchi nzima ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, mkanda ambao kwa kweli ulikaa miaka mingi zaidi. Nani angekuwa na nafasi ya kuzunguka vijijini akiuliza majina ya waliokufa?

Nafasi hiyo bado ipo, ila inapungua kila mwaka. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 Oktoba 1978 sasa anakaribia 70. Anakumbuka bado ni nani aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kisimani, na ni nani kati ya watoto wa nyumba ile hakuonekana tena baada ya Novemba. Makanisa na misikiti ya Missenyi ina daftari za ubatizo, ndoa na mazishi ambazo baadhi zilinusurika. Kuna walimu wastaafu wanaoweza kutaja darasa zima kwa majina. Shule za sekondari za Kyaka na Bunazi zina wanafunzi ambao bibi zao ndio mashahidi, na kazi ya historia ya kidato cha tatu inaweza kabisa kuwa hii: nenda nyumbani, uliza, andika jina, kijiji, umri, na namna alivyokufa. Ofisi za watendaji wa vijiji zinaweza kulinganisha orodha ili jina moja lisiandikwe mara mbili, na familia zikaulizwa kama zinataka jina lao liwekwe wazi, maana wapo ambao kidonda chao hawataki kionekane, na hilo nalo lazima liheshimiwe.

Mawe yenyewe si shida. Kilima cha Kyaka kina magofu tayari, na hakuna mahali panapofaa zaidi. Shida ni majina, na majina yamo katika vichwa vya watu ambao Julai ijayo watakuja Kaboya na makoti yao, watakaa kwenye viti vya nyuma, na hakuna atakayewauliza.